Sura moja, kola tatu

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, na kibaraza changu kiko Majengo, hapa Moshi. Klabu yetu ya vitabu ilianza Januari, mwezi ambao mzazi anakuja na kitambaa siku mbili kabla shule hazijafunguliwa na kusema, "Mama Fundi, nakuachia mtoto hapa hapa, sketi ikiisha arudi nayo nyumbani." Mtoto anakaa kwenye benchi saa nzima, saa mbili, anapiga miguu hewani. Januari moja walikusanyika watano kwa mkupuo, na mimi nilikuwa na marinda ya kukunja, siwezi hata kuinua kichwa. Kwenye rafu ya vitambaa kulikuwa na kitabu changu cha siku nyingi, jalada limeshalegea. Nikampa yule mkubwa wao nikamwambia, nisomee mwanangu, mikono yangu haina nafasi.

Akasoma. Miguu ikatulia. Sketi za watu zikaisha, na hakuna aliyeondoka mpaka sura ilipokwisha. Jumamosi iliyofuata watatu walirudi bila kitambaa chochote. "Shikamoo Mama Fundi, tumekuja kuendelea."

Sasa wako kumi na wawili, kuanzia darasa la nne hadi la saba. Tunakutana Jumamosi saa tisa alasiri, kwa sababu asubuhi wapo wenye tuisheni na wapo wa madrasa, na Jumapili ni ya kanisa na kufua. Majina yao sitayaandika, ni watoto wa watu. Darasa la saba huwa wananipotea kuanzia Julai mpaka mtihani wa Septemba upite, halafu wanarudi wakiwa warefu kidogo. Na Aprili masika yakishika, tunasoma kwa bahati tu; mvua ikipiga bati la kibaraza, mtoto anaweza kupasua koo na bado wa mwisho mkekani asisikie kitu.

Wazazi na walimu kadhaa wameniuliza nachaguaje vitabu, ndiyo sababu naandika haya. Wanategemea niwatajie orodha. Orodha ndefu sina, ila nina masikio. Vitabu vyote vya klabu nimevisikia kabla sijaviona vizuri, maana watoto wanasoma na mimi nashona. Kola moja ya shati la shule hunichukua kama dakika saba. Sura nzuri kwa watoto hawa ni kola tatu. Ikifika kola tano, wadogo wanaanza kuchambua nyuzi za mkeka. Ikiwa kola moja tu, hadithi haijapata hata muda wa kuvuta pumzi, na msomaji amepokonywa kitabu kabla sauti yake haijachangamka. Basi nikipata kitabu kipya, kitu cha kwanza nafanya ni kukaa usiku na kusoma sura mbili kwa sauti, peke yangu, nikitazama saa ya ukutani. Mume wangu ameshazoea.

Lakini urefu ni jambo dogo. Jambo kubwa nilijifunza kwa kitabu kilichonishinda.

Mtu mmoja mwenye nia njema kabisa aliniletea nakala sita za kitabu cha watoto, kipya, kina sura nane, picha za rangi. Nakala sita! Mimi niliyezoea nakala moja watoto kumi na wawili. Tukakisoma kwa furaha. Kilikuwa kinamhusu kijana asiyesikia la mkuu, na kila sura aliponzwa na jambo jipya, na kila sura mwishoni akajuta. Tulipomaliza nikauliza, haya, mmeonaje?

"Kizuri."

Kinahusu nini?

"Kinatufundisha tuwatii wazazi na walimu."

Kimya. Nikasubiri. Mmoja akauliza kama wanaweza kwenda kucheza. Mazungumzo yetu yote ya kitabu cha sura nane yalikwisha kabla sijatia kifungo cha tatu kwenye shati.

Niliumia, na kwa siku kadhaa nilidhani kosa ni la watoto. Halafu nikakumbuka jinsi tulivyosomeshwa sisi na wanavyosomeshwa wao. Kitabu cha darasani kina habari ya ukurasa mmoja, chini yake maswali ya ufahamu, na swali la mwisho huwa lile lile: hadithi hii inatufundisha nini? Mtoto anajua kwamba jibu hilo likishaandikwa, daftari linafungwa. Mmoja wa wavulana wangu, anayesoma shule ya Kayumba, yaani ya serikali, na anasoma Kiswahili kama maji, alipomaliza sura yake ya kwanza kabisa hapa kibarazani aligeuza ukurasa mbele na nyuma akaniuliza, "Mama Fundi, maswali yako wapi?" Hakuwahi kushika kitabu kisichomtahini mwishoni.

Tangu hapo swali la "inatufundisha nini" nimeliondoa kibarazani kwangu. Si kwamba mafunzo ni mabaya. Ni kwamba likishaulizwa, kila mtoto anageuka mwanafunzi mbele ya msimamizi, na kile alichokifikiria kweli kinabaki tumboni.

Badala yake nawapa nyuzi. Fundi hakosi masalio ya uzi. Kila mtoto akichukua kitabu kwenda nacho nyumbani, napima vipande vya kiganja kimoja, vyekundu vitano na vyeupe vitano. Mahali ambapo amekasirika, au hakukubaliana, au amemwona mtu anadanganya, anaweka uzi mwekundu kati ya kurasa. Mahali ambapo hakuelewa, hata kama ni neno moja, anaweka mweupe. Haandiki kitu. Haulizwi kwa nini mpaka Jumamosi. Na kwa kuwa nakala ni chache na kitabu kinazunguka, wa pili anakuta nyuzi za wa kwanza, wa tatu anakuta za wote wawili. Anaanza kujiuliza, huyu hapa alikasirikia nini? Anasoma ukurasa mara ya pili kuutafuta ugomvi wa mwenzake.

Siku ya kukutana sina haja ya kuandaa maswali. Naangalia kitabu kwa upande. Pale nyuzi nyekundu zilipojazana kama ndevu, ndipo tunapoanzia.

Na hivyo ndivyo ninavyochagua pia. Kitabu kikimaliza mzunguko na kurudi kisafi, hata kama kina picha nzuri namna gani, hakirudi mkekani. Zile nakala sita nimezigawa kwa watoto wadogo wa jirani wanaoanza kuunganisha silabi, na huko zinafanya kazi nzuri.

Kitabu kilichorudi na nyuzi nyingi kuliko vyote ni cha mwaka 1952. Ni "Adili na Nduguze" cha Shaaban Robert, ndicho kile kile kilichokuwa juu ya rafu ya vitambaa. Najua wapo watakaosema ni kigumu kwa mtoto wa darasa la tano, Kiswahili chake ni cha zamani. Ni kweli nyuzi nyeupe zilianzia kwenye jalada. Nduguze ni nani? Tulikaa na neno hilo moja nusu kola: ndugu zake, nduguze, mama yake, mamaye, mwana wake, mwanawe. Binti mmoja akasema kumbe ndiyo maana bibi yake wa Pangani husema "mumewe", alidhani ni jina la mtu. Wakajua pia kwamba Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, 1909, na mabasi ya Tanga wanayaona stendi. Hilo liliwagusa kuliko nilivyotegemea. Walidhani waandishi wanatoka mbali.

Nakiri kwamba sikuanzia mwanzo. Kurasa za kwanza zinamweleza mfalme Rai wa Ughaibu na uzuri wa utawala wake, na mimi mtu mzima nazipenda, lakini kwa sikio la mtoto aliyetoka kucheza mpira ni mlima. Niliwasimulia kwa kifupi: kuna mfalme anayewajali wanyama na ndege sawasawa na watu. Kumbukeni hilo tu. Halafu nikawapa pale Ikibali, mjumbe wa mfalme, anapokwenda Janibu kwa ajili ya kodi na kulala nyumbani kwa Adili. Adili ni mtawala mwema, jina lake lenyewe linasema. Usiku Ikibali anachungulia na kumwona mtu huyu mwema anawachapa manyani wawili, anawachapa kweli kweli, kisha anawalisha na kulia.

Msomaji alipofika hapo aliacha kusoma, akanitazama. Wote wakanitazama. Nikaendelea kushona. "Soma," nikasema, "mimi nisaidieje?"

Mwenye mpango wa kuanzisha klabu namwambia atafute kitabu chenye mahali kama hapo. Mtu mwema anafanya jambo ambalo mtoto hawezi kulikubali, na mwandishi hatoi sababu mara moja. Sababu inakuja baadaye, Adili anaposimama mbele ya Rai na kueleza: manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtupa baharini kwa wivu, na jini Huria ndiye aliyewageuza na kumwamuru Adili awachape kila usiku. Kati ya usiku ule na maelezo yale, watoto wangu walikaa wiki mbili na hasira. Nyuzi nyekundu ziliniishia, nikakata kwenye bobini mpya.

Waligombana kuhusu majina. Mmoja alisema si haki, ukimwita mtoto Mwivu tangu kuzaliwa unategemea awe nani? Mwingine akasema mbona yeye anaitwa jina la malaika na bado anaiba sukari. Waligombana kuhusu urithi, na hapo niliwasikia wazazi wao wakisema kupitia midomo yao, maana Uchagani kihamba, yaani shamba la ukoo, na nani abaki nacho si hadithi ya kitabuni. Lakini kikubwa walichogombania ni ile fimbo.

Kuna mwalimu mstaafu namshonea suruali, aliniambia kwamba hadithi hii ina babu yake katika Alfu Lela Ulela, na kule ndugu wanageuzwa mbwa. Shaaban Robert akawafanya manyani. Nikawapelekea watoto habari hiyo kama zawadi, nikawauliza kwa nini manyani. Waliwaza. Akajibu mvulana ambaye likizo huenda kwa bibi yake Same, ambako nyani huingia mashamba ya mahindi. Alisema, "Mbwa akipigwa anakimbia. Nyani akipigwa anaweka mikono kichwani. Kama sisi."

Nimesikia watu wazima wakizungumzia fasihi redioni. Sijasikia jambo lililonikaa kama hilo.

Baada yake binti wa darasa la sita, mpole, haongei mpaka aulizwe, akasema: "Adili analia lakini anapiga. Mwalimu naye husema inamuuma yeye kuliko mimi." Hakuna aliyecheka. Yule wa nyani akamjibu kwamba Adili ameamrishwa, hana la kufanya. Binti akasema kila mtu huwa ameamrishwa. Wakaendelea hivyo, wanapokezana, bila kunitazama tena mimi, na nilijua kwamba hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta tangu zile nakala sita. Kisha mdogo kuliko wote, wa darasa la nne, akageuka: "Mama Fundi, wewe umewahi kumpiga mtoto?"

Ningeweza kusema turudi kwenye kitabu. Nilisimamisha cherehani. Niliwaambia ndiyo. Mwanangu wa kwanza akiwa na miaka tisa aliacha pasi ya mkaa juu ya suti ya harusi ya mteja, ikatoboka begani. Nilimpiga kwa ile futi ya mbao ninayopimia, na baadaye nikakaa nyuma ya nyumba nikalia.

Mtoto akauliza, "Ulilia kwa sababu yake au kwa sababu ya suti?"

Nilifikiri kidogo kwa sababu alistahili jibu la kweli. Siku ile nililia kwa sababu ya suti. Nilimwambia hivyo.

Wakanyamaza wote, kisha yule binti mpole akafungua kitabu na kuendelea pale tulipoishia.

Habari zilifika majumbani, kama zinavyofika. Baba wa mmoja wao, dereva wa bajaji, alikuja katikati ya wiki. Alisimama bila kukaa. "Mama Fundi, nakuheshimu, lakini hapa watoto wanafundishwa kutujibu?" Sikubishana naye. Nilimwambia karibu Jumamosi, benchi lipo. Akaja kweli, akakaa pembeni na ufunguo mkononi. Ilikuwa sura ya mji ambao watu wake wote wamegeuka mawe, na aliyesalia hai ni msichana mmoja, Mwelekevu. Alisikiliza kola mbili na nusu. Abiria akampigia simu, akaondoka bila kusema neno. Mwanawe alikuja Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena.

Sasa niseme kuhusu lugha, maana Moshi hili linatusumbua. Watoto wangu saba wako Kayumba, watano wanapitiwa na basi la njano kwenda inglishi midiamu. Wale watano wanakimbia kwa Kiingereza, lakini ukiwapa ukurasa mzima wa Kiswahili wanajikwaa kama wanatembea gizani, na wanaona aibu, kwa sababu hii ndiyo lugha wanayogombea nayo peremende. Mwanzoni wenzao waliwacheka. Niliweka sheria moja, ya pekee tuliyonayo: anayecheka ndiye anayesoma ukurasa unaofuata, amesimama. Kicheko kiliisha siku hiyo hiyo. Baadaye nikawaketisha wawili wawili, wa basi na wa Kayumba, kitabu kimoja magotini. Mmoja ana ulimi, mwingine amezoea vitabu vinene na haogopi sura kumi. Mzazi mmoja aliniomba tusome vya Kiingereza "ili wafaidi". Nilimjibu kwa heshima kwamba vya Kiingereza wanavipata siku tano kwa wiki, na mimi nina Jumamosi moja.

Nakala bado ni shida yetu kubwa. Za Adili tunazo tatu: yangu, na mbili nilizonunua kwa fedha ya marinda. Jirani yangu ana mashine ya fotokopi, na kwa roho nzuri alijitolea kunitolea kitabu kizima mara kumi na mbili. Nilikataa. Ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, sawa, lakini mimi sikukataa kwa kuogopa sheria. Nimewahi kukesha nikibuni mshono wa gauni la kipaimara, mtu akaupiga picha kwa simu, wiki iliyofuata nikauona kwenye kibaraza cha mwingine kwa bei ya chini. Najua anavyojisikia mtu aliyekesha. Kwa hiyo tunazungusha nakala tatu, kila mtoto siku mbili, na kitabu kinalala kwenye mfuko wa kitenge niliouwekea zipu ili mvua isikiharibu. Maktaba ya mkoa nayo hutusaidia tukienda kwa mpango. Ukichelewa kurudisha kwenye mfuko, hupigwi faini, ila unamweleza mwenzako aliyekuwa akisubiri, uso kwa uso. Hilo linauma vya kutosha.

Wiki hii nimekuwa na vitabu viwili juu ya meza ya kukatia. Kimoja ni cha msichana anayetafuta maji, lugha yake tamu sana, lakini sura ya pili imenila kola sita na mwandishi anakimbilia kunieleza kila mtu ni mwema au mbaya kabla mtu mwenyewe hajafungua mdomo. Nimekisoma mara mbili nikitumaini nimekosea. Cha pili kina jalada baya, karatasi nyembamba mpaka herufi za upande wa pili zinaonekana. Sura ya kwanza ni kola tatu kasoro. Inaishia pale mtoto anapokuta barua kwenye koti la mjomba wake, anaisoma, halafu anairudisha mfukoni na kwenda kula chakula cha usiku kama kawaida. Niliweka uzi mwekundu hapo mimi mwenyewe, kwa nini hakumwambia mtu, kisha nikautoa ili nisiwatangulie.

Nakala ni mbili tu. Msomaji wa kwanza atakuwa yule wa darasa la nne. Nyuzi nimeshakata.